Nyumba tupu ina mtu wake: mwaka wetu wa kwanza Kapata



Miezi michache iliyopita nilitaja hewani kwamba mimi na familia yangu tunakaa Kapata, katika nyumba ya zamani iliyokuwa bila mtu kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Wengi mnaopiga ni watu waliohamishwa kama sisi, na wote mnauliza jambo moja: uliipata wapi, na kwa bei gani? Mama mmoja anayelala na watoto watano katika chumba kimoja cha dada yake aliniambia hivi: "Baba, kila asubuhi nikienda sokoni ninapita mbele ya nyumba tatu zisizo na mtu. Milango imefungwa, nyasi zimefika dirishani. Nimwulize nani?"

Nilimwahidi jibu. Jibu lenyewe si fupi, ndiyo sababu ninaliandika.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa karibu na ukuta wa mgodi. Siku moja walikuja vijana na kopo la rangi nyekundu wakachora alama na namba kwenye ukuta wa sebule, upande wa barabara. Baada ya hapo walikuja watu wa kuhesabu. Walihesabu vyumba, choo, mti wa mwembe na jiko la nje. Mkutano ulifanyika baadaye, tukaambiwa maoni yetu yanatakiwa, wakati namba ilikuwa imeshakauka ukutani. Fedha tulizopewa zilitosha kununua kiwanja na kujenga mbali, kule ambako hakuna shule wala maji, au kupanga nyumba mjini kwa miaka michache. Hazikutosha yote mawili. Mimi na bibi yangu tulikaa usiku mzima na kalamu. Tukaamua kununua kiwanja kidogo nje ya mji, kupanga nyumba ya bei ndogo, na kujenga polepole.

Nyumba ya bei ndogo Kolwezi! Ninyi mnajua. Tangu mji huu uwe makao makuu ya jimbo la Lualaba mwaka 2015, kila anayetafuta kazi ya migodi anakuja hapa: dereva, mhandisi, mfanyabiashara, mchimbaji mdogo na familia yake. Komisionere wa kwanza alinionyesha vyumba viwili Manika, choo cha kushirikiana na familia nne. Aliomba garanti ya miezi sita, na juu yake mwezi mmoja wa kwake yeye. Nikamkumbusha kwamba sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Alinitazama kwa huruma. "Mwandishi," akasema, "hiyo sheria ina nyumba ya kukupangisha?"

Kapata nilielekezwa na mama anayeuza mihogo ya kuchoma. Alisema kuna nyumba ya kona, ya matofali, ina mparachichi mkubwa nyuma, na haijakaa mtu tangu mazishi ya mama mwenye nyumba. Nilikwenda siku hiyohiyo kwa pikipiki.

Kwa wale mliokuja Kolwezi juzi, nieleze kidogo nyumba hizi ni nini. Mji wetu ulijengwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ndiyo iliyoanza migodi hapa wakati wa Wabelgiji, na tangu miaka ya 1920 iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto karibu naye anakaa kazini muda mrefu kuliko kijana wa mkataba mfupi. Ikajenga kambi zenye nyumba za matofali, barabara zilizonyooka, shule, hospitali. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali hiyo, na baadaye tukaizoea kwa jina la Gécamines. Wazee wetu walisema kampuni ni baba na mama, kwa sababu unga, dawa na daftari za watoto vyote vilitoka huko. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukaporomoka, na miaka michache baadaye shaba yote ya mwaka mzima haikufika hata sehemu ya kumi ya ile ya zamani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya familia hizi, na katika jina la kitabu anawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Mtu akitaka kuona maana ya jina hilo kwa macho, aende kutazama nyumba za kambi.

Ile ya Kapata ilikuwa na kuta nene, zimesimama vizuri. Juu hali ilikuwa nyingine. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu mpaka jua lilichora madoadoa sakafuni. Nilichoma kisu katika mbao ya paa, kikaingia kama katika mkate: mchwa. Fremu mbili za milango zilikuwa zimeondoka, hakika zimekuwa makala ya mtu. Bomba la maji lilikuwepo, maji hapana. Lakini vyumba vilikuwa vitatu, na nyuma kulikuwa na uwanja wa kulima matembele na mahindi. Mparachichi ulikuwa umejaa.

Mtu niliyeambiwa ndiye mwenye nyumba alikuwa mpwa wa marehemu baba wa nyumba, kijana anayekaa Lubumbashi. Alikuja kwa basi. Tulielewana haraka: dola 70 kwa mwezi, garanti ya miezi mitatu, na matengenezo nifanye mimi. Aliandika karatasi, akasaini, nikampa dola 210 mkononi. Nilirudi kwa bibi yangu nikiwa na ufunguo wa kufuli na furaha nyingi.

Siku tatu baadaye, tukiwa tunafyeka nyasi, jirani wa upande wa kushoto alikuja na kiti chake, akakaa, akatutazama. Ni mama mzee, amekaa barabara hiyo tangu alipoolewa. Akauliza: "Na ndugu yake wa Mwene-Ditu, mmezungumza naye?"

Hapo ndipo tulipojua. Nyumba ilikuwa ya mume na mke wasio na mtoto. Mume alifanya kazi Gécamines na nyumba aliinunua kutoka kampuni. Akafa kwanza, mke akafuata. Yule kijana wa Lubumbashi ni wa upande wa mume. Upande wa mke yupo kaka yake, mzee, anayekaa Mwene-Ditu, Kasai. Tena, akasema jirani, nyumba hiyo kabla ya mume yule ilikuwa ya baba yao, mfanyakazi wa Union Minière. Mzee alizaliwa katika chumba cha nyuma. Aliondoka mwaka 1993.

Mtu wa Kolwezi akisikia "Kasai" na "1993" katika sentensi moja haulizi zaidi. Miaka ile, 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, halafu Kolwezi, hata waliozaliwa hapa na ambao baba zao walizaliwa hapa. Walilala stesheni na mashuleni, wiki nyingi, wakingoja gari la moshi. Watu walikufa pale. Dada ya mzee alibaki kwa sababu mume wake alikuwa wa hapa.

Usiku ule tulikaa tena na kalamu, ingawa hakukuwa na hesabu ya kufanya. Karatasi tulikuwa nayo. Ufunguo tulikuwa nao. Fedha ilikuwa imeshaondoka. Mzee alikuwa mbali sana, na pengine asingejua kamwe. Nilianza kusema kwamba ugomvi wa warithi si wetu. Bibi yangu alinikata maneno. "Sisi tuliulizwa baada ya namba kuandikwa ukutani," akasema. "Na huyu mzee tumwulize lini? Baada ya kuezeka?"

Asubuhi nilipiga simu kwa namba aliyonipa jirani.

"Jambo mzee."

"Jambo. Wewe nani?"

Nilijieleza. Alinyamaza kwa muda nikafikiri mtandao umekatika. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Wewe ni mchimbaji? Utachimba ndani ya nyumba?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ninyi wa Kasulo mnajua vizuri kuliko mimi. Mwaka 2014 mtu alichimba nyumbani kwake akakuta madini ya kobalti, na baada ya miezi michache kartiye nzima ilikuwa mashimo, mengine chini ya vitanda. Mwaka 2017 sehemu ya kartiye ikazungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Tangu siku hizo mwenye nyumba akipata mpangaji anayekubali bei haraka, hasa wa nyumba tupu, anaogopa kwamba mtu huyo anachotaka ni sakafu. Nilimwambia mzee kwamba mimi ni mwandishi wa habari, na shimo pekee nitakalochimba ni la choo, na hilo nitamwomba ruhusa kwanza. Akacheka kidogo.

Tulizungumza mara nyingi wiki ile. Hakuomba fedha. Aliuliza kama mparachichi upo. Aliuliza kama ule ufa wa chumba cha nyuma umepanuka. Siku moja alinieleza siku ya kuondoka: jinsi walivyouza kila kitu kwa watu waliokuwa wanangoja mlangoni, kitanda kwa bei ya ndoo ya unga, cherehani kwa bei isiyotajika. Mnunuzi alikuwa anajua kwamba wao hawana siku ya pili.

Nilikuwa nimesimama sebuleni. Mbele yangu palikuwa na kabati letu, tulilolihamisha kwa kigari kutoka nyumba ya kwanza. Ni kabati zito la milango miwili. Baba yangu alilileta nyumbani mwaka 1993, nami nilikuwa na miaka tisa. Ninakumbuka mama alivyolisifu, na baba alivyosema, "Nimelipata bure kabisa." Kwa miaka thelathini sijawahi kujiuliza bure hiyo ilitoka wapi. Tena tulipoondolewa, mimi mwenyewe niliuza milango na mabati ya nyumba yetu kwa robo ya bei, kwa mtu aliyekuwa anangoja langoni na pikipiki ya kubebea. Nilimchukia mtu yule wiki nzima.

Nilimwambia mzee habari za kabati. Sijui kwa nini. Pengine sikutaka kulala chini ya paa lake na siri hiyo.

"Lilikuwa la nani?" akauliza.

"Sijui, mzee. Nilikuwa mtoto."

"Basi litunze," akasema. Halafu akaniuliza bei ya mabati imefika ngapi.

Kumbe mzee na kijana wa Lubumbashi walikuwa hawajasema neno tangu mazishi. Kila mmoja alifikiri mwenzake anataka kuuza. Kwa sababu hiyo nyumba ilioza: yule wa mbali hakutaka kutengeneza mali ambayo wa karibu ataiuza, na wa karibu naye aliogopa hivyohivyo. Niliwaunganisha kwa simu mbili, moja kila sikio, mpaka bibi yangu akacheka. Walipigiana kelele kidogo. Halafu wakakubaliana, na tukaandika karatasi ya pili, mbele ya shefu wa kartiye na jirani kama shahidi. Mzee alitumiwa nakala kwa mtu anayesafiri, akasaini, ikarudi baada ya wiki tatu.

Ninaandika hapa masharti yake, kwa sababu ndiyo mliyoniomba.

Kodi ni dola 70. Katika hizo, 40 ninazikata kila mwezi kulipa matengenezo, na 30 zinakwenda kwa warithi kwa simu, 15 kwa mmoja, 15 kwa mwingine. Kila kitu nilichonunua kina risiti, na picha ya risiti wanayo wote wawili. Matengenezo ya kwanza yalifika dola 960: mabati, mbao za paa, dawa ya mchwa, fremu mbili, saruji na mikono ya mafundi. Ukigawa kwa 40, ni miezi 24. Kwa hiyo karatasi inasema kwamba kwa miaka miwili hawawezi kunitoa bila kunirudishia sehemu iliyobaki. Garanti imeandikwa kuwa ni miezi mitatu na imeshalipwa. Mpangaji hatachimba, wala hataruhusu mtu kuchimba. Mparachichi haukatwi, matunda ni ya anayekaa, na jirani apewe.

Sharti la mwisho lilituchukua muda mrefu kuliko yote. Je, mgodi ukifika huku? Msidhani ni woga wa bure. Mwezi wa tano vijana waliovaa fulana za kung'aa walipita barabara yetu wakipima, na watoto wangu waliingia ndani bila kuambiwa. Wamejifunza. Kanuni za migodi za mwaka 2018 zina kiambatisho kizima juu ya kuhamisha watu na kulipa fidia, cha namba XVIII, na katika mikutano yenu mkitaje kwa namba hiyo. Lakini mtu wa kuhesabu akifika mlangoni, anataka kujua ya nani ni nini, na hapo mpangaji na mwenye nyumba hugeuka maadui katika dakika moja. Sisi tumeandika mapema: fidia ya nyumba na ya uwanja ni ya warithi, mazao, gharama ya kuhama na matengenezo ambayo hayajalipwa ni ya mpangaji, na hakuna upande utakaosaini bila kumjulisha mwingine. Iliandikwa wakati hakuna fedha mezani, kwa hiyo hakuna aliyegombana.

Sasa nyumba yenyewe. Mtu anayefikiria nyumba tupu atazame haya kabla ya kutoa hata franka moja.

Tembea sakafuni kwa kisigino kizito, chumba kwa chumba. Panapolia kama ngoma, uliza. Rafiki yangu mmoja alipanga chumba chenye saruji mpya nzuri katikati, na chini yake palikuwa na shimo la zamani lililofunikwa kwa mbao.

Panda darini. Kuta za kambi zinaishi miaka mingi. Mbao haziishi bila mtu. Nyumba yenye watu ina moshi wa jiko, ina mtu anayeona tone la kwanza la mvua na kuweka sufuria, kesho yake anapanda kuziba. Nyumba tupu inanyamaza, tone linakuwa mfereji, mchwa wanakuja. Sisi tuliezeka upande mmoja tu kabla ya Novemba, kwa sababu fedha iliisha. Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta watu sita katika chumba kimoja kikavu, tukisikiliza chumba cha pili kikijaa maji. Mtoto wangu mdogo aliuliza kama huku pia tutahama. Wiki ile nilikopa, tukamaliza.

Tazama nyufa. Huku kwetu baruti za mgodi zinatikisa vyombo kabatini, kwa hiyo ufa si jambo la kushangaza. La kujua ni kama unatembea. Fundi wetu alipaka saruji nyembamba juu ya kila ufa, akaandika tarehe kwa msumari. Ikikatika, ukuta bado unakwenda. Ya chumba cha nyuma imekaa mwaka mzima. Nilimtumia mzee picha.

Uliza deni la SNEL na la REGIDESO kwa jina la nyumba ile, kabla hujaunganisha chochote. Sisi maji tunachota kwa bido, pikipiki inaleta manne kila asubuhi, na gharama hiyo lazima iingie katika hesabu ya nyumba "ya bei ndogo".

Na zaidi ya yote, tafuta mtu wa nyumba. Hati, shefu wa kartiye na komisionere wote wana kazi yao. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni wa serikali, na hati yenye nguvu ni cheti cha usajili. Wengi wetu tuna karatasi ndogo kuliko hiyo. Lakini hati haitakuambia nani hakualikwa kwenye mazishi. Jirani wa miaka arobaini atakuambia.

Nilisoma kwamba Japani wana shida iliyo kinyume na yetu. Hesabu ya serikali yao ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu karibu milioni tisa. Katika vijiji vya pwani wazee wamekufa, vijana wamekwenda mijini, na nyumba nzuri za mbao za mababu zinaanguka zenyewe, kwa mvua na wadudu kama za kwetu. Miji mingi midogo huko inaweka daftari la nyumba tupu: nyumba iko wapi, ya nani, inahitaji nini. Mgeni anayetaka kukaa kijijini anafungua daftari, anapanga kwa bei ndogo na kuitengeneza. Huko nyumba zinangoja watu. Hapa watu wanalala sita chumbani karibu na nyumba iliyofungwa kwa sababu warithi wawili hawasemezani.

Hatuna nyumba milioni tisa. Lakini daftari moja la kurasa mia, mezani kwa shefu wa kila kartiye, haligharimu zaidi ya dola moja na kalamu. Aandike nyumba isiyo na mtu, jina la mrithi, namba ya simu. Familia inayohamishwa ikija, asiseme tu "sijui". Nimelisema jambo hili kwa shefu wetu. Amekubali kuanza na barabara tano. Kufikia jana alikuwa ameandika nyumba kumi na moja, na warithi wanne wameshajibu simu. Mmoja alikataa kabisa, na ni haki yake. Daftari si ufunguo.

Kwako wewe mama uliyeniuliza: kesho, ukipita mbele ya zile nyumba tatu, usiulize nyumba ni ya nani. Kaa kwanza na jirani, nunua kitu chake kidogo, uliza nani alizikwa kutoka hapo na nani alikuja kulia. Ukipata jina la mbali, piga simu kabla ya kulipa mtu wa karibu. Nami nilifanya kinyume, nikaponea kwa sababu jirani alibeba kiti chake.

Mzee amesema atakuja wakati wa kiangazi, reli ikiruhusu. Hajaona Kolwezi tangu siku ile ya stesheni. Bibi yangu ameanza kuuliza tutamlaza wapi, maana vyumba ni vitatu na sisi ni sita. Watoto wakasema alale sebuleni. Mama yao akawatazama.

"Chumba cha nyuma," akasema. "Alizaliwa humo. Ninyi ndio mtalala sebuleni."